Besi ya Sikio la Kushoto

Kibanda cha Evaresta, karibu na soko la Kilombero mjini Arusha, kilikuwa na sheria moja tu iliyoandikwa, kwa wino mwekundu juu ya kadibodi: UKITIA SIKIONI UMENUNUA. Siku Namelok alipofika mara ya kwanza, dumu la maziwa mgongoni na kibuyu mkononi, hakuitazama. Alitungua spika za masikioni zilizokuwa zikining'inia kwenye msumari, akazipangusa kwa ncha ya shuka lake, akajitumbukizia masikioni. Waya ukabaki unabembea, haujachomekwa popote.

"Shikamoo, mama," alisema Evaresta, kwa sauti ya mtu anayefunga duka. "Hizo umeshanunua."

"Marahaba. Nimenunua nini? Hata hazijasema neno."

"Sheria ile pale ukutani."

"Nisomee."

Evaresta akamsomea. Yule mama akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akazitoa spika taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Kiatu najaribu. Kofia najaribu. Sufuria naigonga nisikie kama ina ufa. Hiki kinachoingia ndani ya kichwa changu ndicho nisikijaribu?"

Muuza nyanya wa jirani akaangua kicheko. Evaresta hakucheka. Alikuwa ameanza kwa kutandika mitumba chini, juu ya turubai, akipigwa jua na kukimbizwa na askari wa mji, mpaka mipaka ilipolegea na bidhaa za Dubai zikaanza kumiminika kupitia Namanga. Hapo ndipo alipoachana na nguo na kushika redio, betri na nyaya. Hakufika kwenye kibanda chenye kufuli mbili kwa kuwachekea watu wanaochezea mali. Lakini mtu wa kubembeleza bei alimtambua akimwona, na huyu alikuwa mmoja wao. Vilevile, harufu ya kile kibuyu ilikuwa imeshamfikia: mtindi wa moshi, wa kibuyu kilichosafishwa kwa kaa la moto la mzeituni wa porini. Mjini hapa mtindi wa namna hiyo ulikuwa haupatikani.

"Tufanye hivi," alisema. "Kila ukija unanijazia jagi langu. Mimi nakuruhusu ujaribu jozi moja. Moja tu. Na unaipangusa kwa spiriti, siyo kwa shuka."

"Jagi hilo ni kubwa."

"Na masikio yako mawili."

Namelok alicheka, akamimina. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Alikuwa mama aliyekwisha kuvuka makamo, Mwarusha wa upande wa Olmotonyi, magharibi ya mlima Meru. Aliteremka mjini Jumanne na Ijumaa kuuza maziwa nyumba kwa nyumba. Ndewe zake zilikuwa zimetobolewa na kutanuliwa tangu usichana, zikining'inia na ushanga. Kiunoni, chini ya shuka, alifunga wokmani, ile redio ndogo ya kanda, ya kijivu, iliyokwanguka pembeni. Aliichomoa kwa uangalifu kama anavyochomolewa kifaranga. Ndani yake mlikuwa na kanda moja tu, ya kwaya ya vijana ya usharika wao.

"Spika zake ndama alizitafuna," alieleza. "Nilizianika juu ya uzio, nikageuka tu. Sasa nataka zinazosema kama zile."

"Zilikuwa za kampuni gani?"

"Zilikuwa nyeusi."

"Nyeusi ninazo za kujaza debe."

Siku hiyohiyo, Ijumaa, alijaribu zile za duara zenye sifongo. Alisimama katikati ya kelele za mikokoteni, macho ameyafumba, mdomo ukisogea na maneno ya wimbo. Ziligoma kukaa. Ndewe iliyolegea haikuwa na mahali pa kuzishikilia upande wa chini, na kila alipogeuza shingo, moja ilidondoka. Ikabidi azibane kwa vidole. Alipozitoa, sikio lilikuwa jekundu kwa ndani.

"Zinauma kama kokoto. Na zinavuma. Mtu anaimba ndani ya pipa."

"Kwa hiyo hutaki?"

"Hayumo."

Evaresta alidhani amesema *haimo*, akapita.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya zile zenye utepe wa chuma juu ya kichwa. Hizo hazikuanguka, ila zilibana mpaka kitambaa cha kichwa kikateleza nyuma, na sauti yake ilikuwa nyembamba, kama redio ya jirani ukiisikia kupitia ukuta. Zilizofuata zilikuwa na ndoano ya kuvalia nyuma ya sikio. Ndoano ilikwama kwenye ushanga, ikachukua muda kuinasua, muuza nyanya akiuliza kama aite fundi wa baiskeli. Baada ya hapo zikaja ndogo za plastiki nyeupe, nyepesi, zisizouma kabisa, lakini zenye kulia *tsi tsi tsi*, soprano wote juu na chini hakuna mtu. Kila mara jagi lilijaa, kila mara pakiti moja ya Evaresta ilifunguliwa, na kila mara Namelok alifungua macho akatikisa kichwa.

"Wewe mama unanimalizia mali," Evaresta alimwambia. "Pakiti iliyofunguliwa naiuza kama ya zamani."

"Na ndama wangu nimnyweshe nini? Nakuletea wewe."

"Ndama wako ale nyaya, amezizoea."

Wakacheka wote wawili, lakini Evaresta usoni tu. Mteja anayejaribu bila kununua kwake alikuwa tundu kwenye gunia. Ndipo siku moja akatoa kile alichokuwa amekificha chini ya kaunta kwa ajili ya wageni wa hotelini: jozi mpya kutoka Dubai, ndogo kama punje za maharage, zenye mpira laini unaoingia kabisa ndani ya tundu la sikio. Hazikuhitaji ndewe wala ndoano. Bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu aketi kwanza.

Namelok alizitia. Akagusa ukuta wa kibanda.

"Soko limekwenda wapi?"

"Lipo. Zinaziba."

"Nasikia natafuna mate." Akabonyeza kitufe. Uso ukafunguka taratibu. "Eee. Kila mtu amesimama mahali pake. Huyu ni Mama Mchungaji, anachelewa kama kawaida yake. Yule anavuta kamasi." Alitikisa kichwa kulia na kushoto, zikakaa. Akainama, zikakaa. Evaresta akaanza kukunja mfuko wa kufungia, maana kwa miaka yote ile alikuwa hajawahi kuona mtu akipenda kitu namna ile akakiacha.

Kisha wimbo ukaisha. Mwingine ukaanza, ukaisha. Mama yule akatoa punje moja, halafu ya pili, akaziweka juu ya kaunta zikiwa zimeelekeana.

"Nzuri sana," alisema. "Zimelala sikioni kama zilizaliwa humo. Lakini hayumo."

Safari hii Evaresta alisikia vizuri. "Nani hayumo, Mama?"

"Yiamat."

Yiamat alikuwa mwanawe wa mwisho. Alikuwa besi katika kwaya ile. Aliondoka kwenda Mererani machimboni. Krismasi ya kwanza alirudi na ile wokmani na spika zake, akamfunga mamake kiunoni mwenyewe, akamwonyesha pa kubonyeza. Krismasi ya pili alituma salamu kwa mtu. Baada ya mvua kubwa za El Niño hapakuja mtu wala salamu. Walioulizwa wakasema amehama shimo. Wengine wakasema amevuka mpaka. Hakuna aliyesema amekufa, hivyo hapakufanyika msiba, na hakuna aliyesema yu hai.

"Kwenye nyimbo humsikii, amechanganyika na wenzake," Namelok alisema. "Ila kabla ya wimbo, mwalimu wa kwaya anagawa sauti. Soprano wanavumisha yao, alto yao, tenori yao. Mwisho besi. Na besi, mwalimu alimtaka Yiamat peke yake ashike sauti, wengine waipokee kwake, maana wengine walikuwa wanaiangusha. *Mmmm*. Pumzi moja. Hapo ni yeye peke yake." Akazigusa zile punje kwa kidole. "Kwa zile spika zake nilimsikia kila siku. Tangu ndama azile, kila ninazojaribu, wote wapo, yeye hayupo."

"Ninyi Walutheri," alisema Evaresta, ambaye alikuwa Mkatoliki wa Rombo, "mnarekebisha sauti muda mrefu kuliko kuimba." Lakini alikuwa ameshachukua zile punje na kuzitia mwenyewe. Alirudisha kanda mwanzo, akasikiliza wimbo mmoja, akasogeza mpaka wa pili, akasogeza mpaka wa tatu. Kila mmoja ulianza ghafla, sauti zote nne kwa pamoja, kama mlango uliopigwa teke. Akaichomoa kanda, akaitazama kwenye mwanga. Ganda lilikuwa jipya. Jalada lilikuwa na picha ya ua la rangi ambalo halioti Olmotonyi.

"Mama Yiamat, kanda hii ndiyo ileile?"

"Ndiyo hiyo. Utepe ulijikunja wiki ileile ya ndama. Lesian, mtoto wa kaka yangu, akaileta mjini ikatengenezwa. Ikarudi safi hivi."

Evaresta alielewa hapohapo. Haikutengenezwa, ilirekodiwa upya. Warekodi wote wa mjini walifanya kazi namna moja: walikata mavumo, kikohozi na maneno ya mwalimu, wimbo uanzie pale unapoanza, ili kanda moja ibebe nyimbo nyingi zaidi na mnunuzi asilalamike. Yiamat alikuwa ametupwa pamoja na kikohozi. Hakuna spika duniani, ya sifongo wala ya mpira, ambayo ingemtoa humo.

Alikuwa na njia mbili, na aliziona zote. Angeweza kumwambia ukweli, au angeweza kukaa kimya na kuuza. Mama huyu alikuwa karibu kununua. Angemsukuma kidogo kwa kumwambia labda masikio yake yanahitaji kuzizoea, naye angezichukua zile punje, kisha angerudi kutafuta nyingine, na jagi lingejaa mpaka mwaka uishe. Aliipima njia hiyo kwa makini, kama alivyopima kila kitu. Ila siku mama huyu angeambiwa ukweli na mtu mwingine, na mjini hapa angeambiwa, habari ingepanda mlima Meru na madumu matupu na ingeshuka kila Ijumaa pamoja na maziwa. Nusu ya wateja wake wa betri walitoka huko.

"Kaa hapa," alisema. "Linda kibanda, muuza nyanya asiibe."

"Nisiibe nini, wewe?" akauliza muuza nyanya.

Kwa jinsi Namelok alivyomweleza duka ambako Lesian aliipeleka kanda, Evaresta alijua ni kwa Stanley, mrekodi wa Ngarenaro, aliyenunua kanda tupu kwake. Alimkuta amezungukwa na mashine zinazozunguka.

"Kanda ya kwaya ya Olmotonyi. Ile ya asili."

"Dada Evaresta, karibu kwanza. Ile ganda lake lilikuwa limevunjika, kijana nikampa nyingine mpya. Nimemsaidia."

"Umemsaidia, na unauza nakala zake mpaka leo. Iko wapi?"

"Hiyo ndiyo mama ya nakala zote! Nikikupa, nitarekodi kwa kutumia nini?"

"Na nisipokuletea kanda tupu mwezi huu, utarekodi juu ya nini? Juu ya chapati?"

Stanley akakuna kidevu. Akavuta boksi. Upande wa pili, alikiri, alikuwa ameshapitisha harusi ya mtu juu yake. Upande wa kwanza ulikuwa haujaguswa. Ganda lilikuwa limefungwa kwa plasta ya kidonda.

Evaresta aliporudi nayo kibandani, Namelok aliitambua ile plasta, akasimama. Hakuuliza ilikotoka. Alitia zile punje za mpira, zile nzuri, akabonyeza. Utepe ulikuwa umechoka. Katika ukimya ule wa mpira, mchakacho wake ulijaa kama mvua kwenye bati. Alisikiliza akiwa amekunja uso. Akazitoa.

"Mvua tupu. Yupo nyuma yake, lakini mvua tupu. Nipe zile za kokoto."

"Zile zinazovuma?"

"Nipe."

Evaresta akamtolea zile za kwanza, za sifongo, zilizokuwa zimeshashika vumbi. Namelok akazibana kwa vidole viwili kila upande. Zile hazikuweza kutoa sauti za juu hata kidogo, ndiyo maana mchakacho haukupita. Zilijua kuvuma tu. Na kilichotakiwa kuvuma, kilivuma. Evaresta aliona vidole vya mama vikikaza mpaka kucha zikabadilika rangi. Kisha akaiachia ya kulia ikaanguka, akabaki amebana ya kushoto peke yake. Siku kwaya iliporekodiwa, vinasa sauti vilipangwa besi wakasimama kushoto.

Akarudisha. Akasikiliza. Akarudisha tena.

"Nami nisikie," Evaresta alisema hatimaye.

Alipewa. *Mmmm*. Kijana mwenye mafua kidogo, amechukua sauti chini kidogo ya palipotakiwa, akaipandisha. Halafu kwaya ikaingia ikamfunika. Hicho tu. Evaresta alikuwa ametegemea zaidi. Alirudisha spika na kujishughulisha na mfuko.

"Ukirudisharudisha namna hiyo utepe utakatika," alisema. "Nipe siku moja, nitakutolea nakala nzima, bila kukatwa."

"Hapana."

"Nitasimamia mwenyewe."

"Mara ya kwanza pia ilikwenda kwa siku moja." Namelok aliufunga waya kiganjani, akaziweka spika juu ya kaunta, akajifuta macho kwa shuka, akavuta kigoda akaketi. "Yiamat nimemsikia. Sasa tuongee bei."

Evaresta akataja bei. Mama akamwonyesha vumbi. Evaresta akataja safari ya Ngarenaro. Mama akataja majagi. Evaresta akasema ni spika za kigeni. Mama akasema zinauma, na wewe mwenyewe ulinisikia nikisema zinauma, utamwuzia nani mwingine kitu cha kuuma? Bei ikashuka, ikashuka, ikakaa karibu na bure, na muuza nyanya akapiga makofi.

Baada ya hapo Namelok hakuwa na haja ya kusimama pale kibandani. Jagi likabaki kavu. Evaresta alijaribu maziwa ya pakiti. Hayakuganda mtindi wa maana. Zile punje za Dubai, zikiwa zimeshaingia masikio mawili, hakuna mgeni wa hotelini aliyezitaka, akaanza kuzitumia mwenyewe. Zilikuwa laini, hazikuchosha, sauti yake ilikuwa kama maji. Ila zilimzibia soko, na mara mbili akakosa mteja aliyekuwa anaita mbele ya uso wake. Akazirudisha kwenye pakiti.

Jumanne na Ijumaa alimwona mama akipita upande wa pili wa barabara, dumu mgongoni, mkono wa kushoto umeinuliwa sikioni, umebana. Sikio la kulia alikuwa amelibakishia wateja. Mtu alipoita "Maziwa!" aligeuka papo hapo, akamimina kwa mkono mmoja, akapokea, akaendelea na safari, na kila hatua chache kidole gumba cha kulia kilishuka kiunoni kubonyeza, kurudisha nyuma.