Meno Saba ya Mama Ali

Djamali alikuwa daktari wa meno wa aina ile isiyopenda kuulizwa maswali. Kabine yake ilikuwa chumba kimoja mbele ya nyumba yake mjini Kindu, karibu na njia ya reli: kiti cha chuma, dirisha lenye mwanga mzuri, na sufuria ya mvuke aliyochemshia vyombo vyake juu ya makaa. Alifanya kazi peke yake zaidi ya miaka ishirini, na hilo neno "peke yangu" alilitamka kwa raha, kama mtu anayetaja cheo.

Tusimwonee, lakini. Upweke huo hakuuchagua. Vita vilipoufunga mji, treni ilikoma kufika, mashua zikaacha kupanda Lualaba, na madaktari wenzake wawili wakakimbia. Yeye akabaki. Dawa ya ganzi ikaisha, dawa ya kuziba meno ikaisha, likabaki koleo. Kila jino lililouma liling'olewa, kwa kuwa hakukuwa na jambo jingine la kufanya. Mpaka leo wapo wazee wenye mapengo wanaomwombea dua, wala sitanii.

Ni katika miaka hiyo mkewe, Rachida, aliposhikwa na maumivu ya shavu la kulia. Yalikuja ghafla, yakamchoma mpaka machozi, yakaondoka kabla hajamaliza kulia. Alimwomba mumewe amng'oe jino, naye akaling'oa. Baada ya siku chache maumivu yakarudi, akaomba tena. Vita vilipokwisha, meno saba yalikuwa yametoka upande ule, na maumivu yalikuwa pale pale. Djamali akaweka koleo chini, akaanza kusema mkewe anadeka. Rachida naye akaacha kulalamika. Alijifunza kutafunia kushoto na kufunika shavu kwa mtandio upepo wa mto ukivuma. Wakati wa sala alitayamamu kwa vumbi safi badala ya kutia udhu, maana maji yakimgusa uso tu, maumivu yaliamka.

Miaka ikaenda. Mji ukapata madaktari wengine wa meno, kila mmoja na kabine yake, nao wakaunda umoja wao uliokutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Walimwita Djamali mara nne, akakataa mara nne. "Hawa watoto wa juzi," alisema, "watanifundisha nini?" Kilichompeleka mwaka huu si unyenyekevu. Sufuria yake ilipasuka, na umoja ulikuwa na mashine nzuri ya kuchemshia vyombo ambayo wanachama waliitumia kwa zamu.

Lakini umoja huo ulikuwa na desturi moja. Anayetaka kuingia husimama mbele ya wenzake, akaeleza habari za mgonjwa mmoja aliyemshinda.

"Miye sina," alisema Djamali.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wao, Latifa, mwanamke wa umri wa Ali, mtoto wa kwanza wa Djamali, alimjibu kwa upole. "Papa, siye wote tuko naye. Mimi niko na watatu. Tafuta tu pole pole."

Djamali akatafuta, na kwa ujanja wake akaona mlango wa kutokea bila kuchafuka: atamtaja mgonjwa ambaye kosa ni lake mwenyewe.

"Basi, iko mwanamuke moja," alianza. "Nilimutosha meno saba na koleo yangu. Saba! Na angali anasema anaumia. Kuko watu wanapenda tu ugonjwa." Hakusema kuwa ni mkewe.

"Ile maumivu inakaa siku muzima?" aliuliza Latifa.

"Hapana. Inapiga mara moja, inaisha."

"Hata upepo ikimugusa?"

"Hata upepo. Hata maji."

"Na meno yenye ulitosha, yalikuwa yameoza?"

Djamali akatazama kiganja chake. Aliyaona tena yale meno mkononi mwake, meupe mpaka kwenye mizizi.

"Papa," alisema Latifa, "ile haikuwa maumivu ya jino hata siku moja. Ni mushipa wa uso njo unauma. Hata mimi, mugonjwa wangu wa kwanza wa namna ile nilimutosha meno mbili, mupaka Blaise huyu akanikataza." Alimwonyesha mwenzake aliyekaa karibu na mlango. "Dawa iko, ile wanapatia watu wa kifafa. Umupeleke kwa hospitali, wamupime kwanza."

Wakaandika jina lake katika daftari la wanachama, naye hata hakutazama. Aibu ilimjaa kifuani. Zaidi ya miaka ishirini, na jibu lilichukua maswali matatu.

Alasiri hiyo alitoa kopo la zamani la maziwa kwenye saraka ya kabine, akampelekea Rachida uani alikokuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Ndani ya kopo mlikuwa na meno saba.

"Mama Ali," alisema, "meno yako yalikuwa mazima. Nilijua tangu lile la pili. Niliogopa kusema sijui."

Rachida aliyamimina kiganjani, akayatazama moja moja.

"Na miye niko na macho, Baba Ali. Niliyaona siku ile ile."

"Sasa juu ya nini uliendelea kuniambia nitoshe?"

"Ningeuliza nani? Nilikuwa na weye tu. Na weye haukukuwa na muntu."

Djamali alikaa chini kando yake, akalia bila kujificha. Jumatatu wakaenda hospitali pamoja, na daktari wa huko akampima Rachida, akamwandikia dawa.

Wiki ya tatu ya dawa, adhuhuri ilipoadhiniwa, Djamali alikuwa kabineni akipanga vyombo vilivyotoka kwenye mashine ya umoja. Alisikia maji yakimwagika uani, akachungulia dirishani. Rachida alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo, mtandio umewekwa kando. Alijaza viganja maji ya baridi, akasita kidogo, akanawa uso. Akangoja. Kisha akanawa mara ya pili, na ya tatu.