Damu Kwenye Ndoo ya Maziwa

Kwetu ng'ombe akitoka damu, daktari hupigiwa simu. Mtoto akitoka damu, hutafutwa kamba. Sitii chumvi. Mambo yote mawili yalitokea asubuhi moja, na mtoto nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tuliishi upande wa Mogogosiek, kwenye shamba dogo la chai linaloteremka hadi mtoni, na nyuma ya jikoni tulikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wa kisasa wa maziwa, mweusi mwenye doa jeupe usoni. Shule zikifungwa, kumkamua ilikuwa kazi yangu. Mama alitoka mapema kuchuna majani. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na vidole vilivyokakamaa. Baba alikuwa mwanamume, na hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yake.

Baba alikuwa mtu wa mguu. Kuna wanaume wanaopiga kofi, kuna wanaopiga fimbo. Yeye alipiga kwa gambuti, zile buti zake za mpira. Mlango ukikwama, teke. Mbwa akilala njiani, teke. Alipenda kusema samaki mkunje angali mbichi, ingawa sijamwona akikunja samaki hata siku moja. Tuliokunjwa ni sisi. Jumapili moja baada ya kanisa nilisahau kumfunga ndama, akanyonya maziwa yote ya jioni. Baba alinipiga teke chini ya kitovu, nikaangukia rundo la kuni, na pumzi ikakataa kurudi kwa muda mrefu. Kesho yake ng'ombe naye alivunja ua akaingia kwenye mahindi. Baba alimfuata, akampiga mateke ya kiwele mpaka ng'ombe akapiga magoti kwenye matope. Mimi nilikuwa nimeshika lango la zizi, kwa hiyo niliona yote.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta damu kwenye nguo yangu ya ndani.

Hakuna aliyekuwa ameniambia lolote. Shuleni mambo hayo yalifundishwa wasichana wa darasa la sita, nami nilikuwa la tano. Basi nilifikiri kwa akili niliyokuwa nayo: teke la Jumapili limenipasua ndani, na damu imechukua muda kupata njia ya kutokea. Tumbo liliuma palepale gambuti ilipotua. Nilijua nitakufa. Nilijua pia kwamba nikisema, baba ataulizwa, na akiulizwa ataniongeza jingine. Nikachagua kufa kimya kimya. Nilichukua plastiki kuukuu ya mama, ile ambayo wachuna chai hufunga kiunoni ili umande usiwaloweshe, nikaifunga juu ya sketi na kwenda kukamua.

Maziwa yalitoka pinki. Ng'ombe alitetemeka kila nilipomgusa, na chuchu moja ilitoa vipande vya damu iliyoganda. Nililia nikikamua, kwa sababu niliona tumepasuka wote wawili. Kisha nikabeba ndoo hadi jikoni, maana sikujua mtu hufanya nini kingine na maziwa.

Kogo alikuwa akisugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa mkaa, kama kila asubuhi. Alichungulia ndoo. Halafu akanitazama mimi, akaona plastiki.

"Mbona umevaa hiyo kwa ng'ombe?"

"Ni baridi, kogo."

"Baridi inashika mtu kwa kiuno?"

Aliivuta ikapasuka, na sketi yangu ikaonekana.

Wazee wetu walikuwa na mwiko. Mwanamke aliye katika siku zake hamkamui ng'ombe na hanywi maziwa yake, la sivyo kiwele kitaharibika. Kogo alikuwa ameushika mwiko huo maisha yake yote, na sasa mbele yake kulikuwa na mtoto mwenye damu na ndoo yenye damu. Alijumlisha. Alipiga nduru iliyomtoa baba nyumbani mbio.

"Huyu mtoto ameharibu ng'ombe!"

Kwanza baba alitoa simu akampigia daktari wa mifugo. Naomba hilo likumbukwe, kwamba kwanza ilikuwa simu. Kisha akachukua kamba ya kufungia miguu ya ng'ombe, ile ngumu iliyokauka matope, akanipa kichapo cha mbwa. Alinipiga mgongoni na mabegani, nilipojifunika kichwa akapiga mikono, nilipotambaa kuelekea zizini akanifuata huko. Ngozi ya bega ilifunguka. "Nani alikuambia ukamue? Unataka ng'ombe yangu ikufe?" Aliyeniambia nikamue ni yeye, kila siku ya likizo, lakini mtu anayepigwa hana nafasi ya kujibu maswali.

Kogo alisimama kando akitoa hukumu. "Aende kwa shangazi yake Ndanai leo leo. Hapa asilale."

Hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele kwelikweli. Kwa shangazi huko Ndanai hakuna binamu yangu wa kike aliyemaliza shule. Walipoanza kukua, walitolewa darasani, na baada ya muda mfupi tulisikia wameolewa. Kamba ilikuwa inauma, lakini kamba huisha. Ndanai haikuwa na kurudi.

Mama alifika kutoka kituo cha kununulia majani akiwa na kikapu kitupu mgongoni. Mama yangu alikuwa mtu wa sauti ya chini, wa kukaa benchi la nyuma kanisani na kuondoka kabla salamu hazijaanza. Aliona kamba ikipanda na kushuka. Aliingia jikoni, akatoka na ile ndoo ya alumini ikiwa imejaa, akamtwanga nayo baba usoni.

Mlio ule bado ninao. Maziwa ya pinki yalimwagika kichwani mwa baba, damu ya pua yake ikachanganyika nayo, ikawa vigumu kujua ipi ni ya nani. Baba alimrudishia ngumi iliyomng'oa jino. Mama alianguka, akainuka, akauma mkono ulioshika kamba, na hakuuachia mpaka kamba ikaanguka chini.

"Guza huyu mtoto tena uone," alisema, mdomo umejaa damu. "Mmoja wetu atazikwa."

Nilifurahi. Sitajifanya kwamba niliona aibu au huruma. Nilitaka ampige tena.

Wakati huo pikipiki ya daktari iliingia uani. Alimkuta baba amevimba pua, mama anatema damu, mimi nimejikunja chini ya hori. Alitusalimu sote kwa heshima, kisha akaenda kwa ng'ombe, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameitiwa. Alipapasa kiwele, na ng'ombe akarusha mguu.

"Hii ng'ombe imegongwa," alisema bila kugeuka. "Kiwele imeumia ndani. Nani aliigonga?"

Halafu nikasikia sauti, kumbe ni yangu.

"Ni baba. Aliipiga teke jana." Nikashika tumbo langu ili aelewe vizuri. "Na mimi alinipiga Jumapili, hapa. Ndiyo maana na mimi natoka damu. Daktari, ukimaliza ng'ombe, unaweza kuniangalia pia?"

Daktari aliacha kiwele. Baba aliangalia gambuti zake kana kwamba amevalishwa na mtu mwingine. Lakini aliyevunjika ni kogo. Alikaa chini palepale kwenye tope la zizi.

"Hajui," alisema kwa Kipsigis, lugha yetu ya nyumbani. "Mtoto hajui. Hakuna mtu amemwambia."

Kogo alikuwa mmoja wa wanawake waliofundisha wasichana zamani, walipokuwa wamefungiwa ndani baada ya kukatwa kwa kisu cha tohara. Serikali na kanisa zilikipiga marufuku kisu hicho, nami nashukuru kwa moyo wote; kisu hicho simtakii hata adui. Tatizo ni kwamba kisu kilipozikwa, mafundisho yote yalizikwa pamoja nacho, hata yale ya damu na vitambaa ambayo hayakuwa na hatia yoyote. Kogo aliona kazi yake imekatazwa, akafunga mdomo. Mama alimngoja kogo, kwa kuwa kwetu mama hakuwa wa kumwambia binti yake mambo hayo. Baba aliwangoja wote wawili. Shule ilingoja darasa la sita. Mwili wangu ndio haukungoja mtu.

Mchana mvua ya mawe ilipiga mabati mpaka tukalazimika kupaza sauti. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa siri ya wanawake: kwa kelele, jikoni, na mama ambaye mdomo wake ulikuwa umevimba. "Si ugonjwa. Si kosa. Si teke. Itarudi kila mwezi, na ikikuja, uniambie mimi." Kogo alinionyesha namna ya kukunja kitambaa, mama akamkatiza akasema tutanunua pedi, wakabishana kidogo. Kisha kogo akaniosha mgongo kwa maji ya chumvi huku akilia. Sikumhurumia. Machozi yake yaliniudhi kuliko chumvi.

"Na Ndanai?" niliuliza.

"Ndanai utaenda ukitaka kusalimia watu," mama alisema.

Baba hakuomba msamaha. Majirani walipomuuliza kuhusu pua, aliwaambia alipigwa teke na ng'ombe, na kogo, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliitikia kwa kichwa.

Ng'ombe alidungwa sindano akapona, maziwa yakarudi meupe. Mwezi ukapita. Asubuhi niliyoona damu tena nilimwambia mama, kama alivyoniagiza. Alikuwa tayari amejifunga plastiki yake aende shambani. Akaifungua.

"Leo utakamua," alisema.

"Lakini mama, niko na..."

"Najua. Ndiyo maana."

Nilienda kukamua. Maziwa yalitoka meupe yenye povu, nikayatazama mpaka mwisho nikingoja yabadilike, na hayakubadilika. Mama alipika chai, akammiminia kogo, akammiminia baba, na hakuiweka sufuria chini. Alisimama karibu na mapaja ya baba, sufuria inatoa mvuke.

"Msichana wako yuko kwa siku zake," alimwambia. "Ndiye amekamua hii maziwa. Kunywa."

Baba alirudisha kiti nyuma. Kogo alinitazama, akashika kikombe chake kwa vidole vyake vilivyokakamaa, akanywa chai yote bila kupumua, mwiko wa maisha yake yote ukishuka kooni. Kisha baba naye akachukua chake.

Nikisimulia haya, watu huniuliza alikuwa na uso gani alipokunywa. Siwezi kuwaambia. Niliinamisha kichwa nikaangalia gambuti zake chini ya meza, mpaka nikasikia kikombe kitupu kimewekwa, na hazikusogea.