Kaseti za Bibi na Ngedere wa Maneromango

Jumamosi asubuhi, jua likiwa halijashika mabati ya hapa Sofu, jirani yangu Neema huwasha muziki wake na kuanza kufua. Neema ni mpangaji wa chumba cha uani, binti wa Iringa, kazi yake ofisini Dar. Siku za kazi anatoka alfajiri ndala miguuni, viatu virefu kwenye mfuko, nywele zimebanwa vizuri, ukimwona utasema huyu ni wa kwaya. Ngoja Jumamosi ifike. Anavaa fulana nyeusi ya mtumba yenye fuvu la kichwa kifuani, anajaza beseni, anabonyeza simu, na kile kispika chake kidogo kinaanza kumwaga magitaa yanayounguruma kama mashine ya kusaga iliyomeza jiwe.

Majirani wengine wanafunga madirisha. Mimi mkono wangu wa kulia unaacha unga wa chapati na kuanza kupapasa chini, unatafuta jiwe. Sifanyi makusudi. Ule mkono ulilelewa shambani, na shambani ukisikia magitaa yale ujue ngedere wapo karibu.

Inabidi niwaeleze vizuri, maana mtu nikimweleza nusu ananiona nimechanganyikiwa.

Nimezaliwa Maneromango, kule Kisarawe. Baba alifariki nikiwa sijang'oka meno ya utoto, mama akaolewa Gwata na mume asiyetaka mtoto wa mwenzake, nikabaki kwa mama yake baba, Bibi Mwanaidi. Mwenye sauti pale nyumbani akawa baba yangu mdogo, Salehe. Namtaja kwa jina, Salehe Mwinyimvua, mwenye kiduka cha sabuni na mafuta ya taa pale barabarani. Watu wananiambia, Tatu, yamepita hayo, usitaje majina. Wanaosema hivyo hawakukaa juu ya dungu. Salehe ndiye aliyeamua kwamba mwanawe Rajabu asome na mimi nilinde mahindi, kwa kuwa Rajabu ana kichwa na mimi nina mbio. Nilikuwa nimemaliza darasa la kwanza tu.

Dungu, kwa asiyelijua, ni kichanja cha miti chenye paa la makuti. Linajengwa katikati ya shamba, unapanda juu, unakaa kutwa unaangalia wezi. Wezi wetu walikuwa ngedere, maana shamba letu liligusana na msitu. Ngedere hali hindi moja akashiba kama mtu mwenye adabu. Anavunja, anaonja, anatupa, anavunja lingine, na akikuona mtoto wa kike wala hakimbii, anakutazama huku anatafuna. Nilipiga debe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kutoka juu pale njia ya shule ilionekana yote. Niliwaona wenzangu wakipita na mifagio mikononi, Rajabu katikati yao, anapunga mkono kama kiongozi aliyetembelea wananchi.

Mwaka uliofuata ukaja mradi wa visima, na pamoja nao kijana mmoja wa Kizungu, mrefu, nywele mpaka kiunoni. Jina lake Pita, ila watoto tulimwita Nywele. Bibi ndiye aliyempikia. Akila muhogo wa nazi wa Bibi alikuwa anafumba macho, na Bibi alimpenda kwa hilo tu. Siku moja Nywele aliegesha gari pembeni ya shamba letu, akaacha milango wazi, muziki wake unapiga, akaenda kutazama pampu. Nilikuwa juu ya dungu. Sijapata kuona ngedere wakikimbia vile. Mmoja alisahau hindi mdomoni, mwingine alirukia mti akaukosa. Shamba zima likabaki kimya, isipokuwa yale magitaa. Bibi alikuwa anakuja na sinia la chakula kichwani. Akasimama. Akatazama msitu, akatazama gari, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

Nywele alipomaliza kazi na kurudi kwao alimwachia Bibi zawadi: redio kaseti, betri kuukuu la gari, na kaseti tatu. Jioni ile Bibi akamwita Salehe, akazipanga kaseti juu ya mkeka.

"Salehe, mtoto arudi shule. Hawa watalinda shamba."

Salehe akaokota moja, akaitazama picha ya juu. Wanaume wanne, nywele za kumwaga, suruali za kubana. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, hawa wasichana ndio walinde mahindi yangu?"

"Wasichana wenye ndevu. Wewe huwaogopi? Mimi nawaogopa."

"Haya, nimekubali. Lakini ngedere wakiingia siku moja tu, Tatu anarudi juu ya dungu. Na habari ya shule sitaki kuisikia tena humu ndani."

"Siku moja tu," Bibi akasema. "Nimesikia."

Basi shule yangu ikawekwa rehani kwa wasichana wenye ndevu. Redio tuliiweka ndani ya pipa tupu chini ya dungu, mdomo wa pipa umeelekea msituni, na betri tukawa tunalipeleka kuchajiwa kwa mwenye mashine ya kusaga. Asubuhi nabonyeza kitufe, natimua mbio, na zile kelele zinanisukuma mgongoni mpaka mlangoni mwa darasa. Mchana nikirudi nazikuta bado zinanguruma na mahindi yamesimama. Kutoka dukani kwake Salehe alizisikia kutwa, na mteja akilalamika anamwambia, "Vumilia bwana, mlinzi wangu yupo kazini." Nami sikuuliza kitu. Nilikuwa nimepata nilichotaka, niulize nini tena?

Kaseti hazikufanana, na Bibi ndiye aliyezipa majina, maana yale ya juu hakuna aliyeweza kuyasoma. Ya kwanza mwimbaji alipanda juu, sauti nyembamba, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Bibi akamwita Binti. Ya pili magitaa na ngoma vilifukuzana bila kupumzika. Huyo akawa Mwenye Haraka, na Bibi alisema mpiga ngoma yule ukimpeleka kwenye mdundiko ataua wachezaji wote kabla ya kufika nyumba ya harusi. Ya tatu haikuwa na kuimba kabisa. Mtu alinguruma kutoka tumboni mwanzo mpaka mwisho. Bibi alimsikiliza kwa huruma, mkono shavuni, halafu akasema, "Masikini, huyu ana jino." Akabaki Mwenye Jino.

Msimu wa kwanza Binti alitosha peke yake. Msimu wa pili, tukiwa tunakula, Bibi akatangaza kwamba ngedere wamemzoea.

"Kuna mmoja anakaa juu ya kile kisiki, anajikuna kwapa, anamsikiliza Binti kama mgeni rasmi. Kesho weka Mwenye Haraka."

Nikaweka, na shamba likapona. Walipomzoea na yeye tukapanda kwa Mwenye Jino. Sikujiuliza Bibi alimwonea wapi yule wa kwenye kisiki. Mtoto anaamini bibi yake anaona kila kitu hata akiwa amelala. Kila asubuhi Bibi aliaga anakwenda kuokota kuni, akirudi mchana ana vijiti vya kuchemshia chai na mkono kiunoni, anavuta mguu. Salehe alikuwa anamtania.

"Mama, msitu umekwisha?"

"Kuni za siku hizi zina mbio, mwanangu. Mpaka uzikamate."

Na kutwanga kwake kukabadilika. Zamani Bibi alitwanga taratibu, mchi unapanda na kushuka na mazungumzo juu yake. Sasa mchi ulianza kwenda kwa kasi ya ajabu, dudu-dudu-dudu, halafu unasita ghafla, halafu unaanza upya, na kichwa kinaitikia. Jirani waliyekuwa wakitwanga pamoja siku moja alisimama na mchi wake hewani, akamuuliza, "Mwanaidi, unatwanga au unapigana?" Bibi hakujibu. Alikuwa hajamaliza.

Nikafika darasa la nne. Haya maandishi mnayoyasoma, kama yanasomeka, ni ya misimu ile. Nilijua kugawanya, nilijua kuandika barua yenye anwani, na mwalimu alianza kuniweka mbele nisome kwa sauti.

Halafu masika moja mguu wa Bibi ukavimba. Ukavimba mpaka hakuweza kufika mlangoni. Nilimchemshia maji, nikampa uji, nikaenda shambani, nikaweka Mwenye Jino kama kawaida, nikakimbia shule. Mchana nikiwa bado njiani nikasikia kimya. Kimya kile nakikumbuka kuliko kelele zote. Nikakuta redio ndani ya pipa, kitufe kimeruka juu, na mistari ya mbele ya mahindi imelala chini imetafunwa. Nikadhani betri limekufa.

Sikupata hata nafasi ya kulijaribu. Salehe alikuwa amefika kabla yangu, naye alisikia kimya. Aliokota magunzi yenye alama za meno, akayabeba, akayamwaga mlangoni kwa Bibi.

"Mama, wasichana wako wamelala."

Bibi akayatazama magunzi. Akanitazama mimi.

"Tulisema siku moja tu," Salehe akasema. "Au sikusema?"

Nilimngojea Bibi ajibu. Mwanamke yule hakukosa jibu hata kwa mganga wa zahanati. Aligeuza uso, akaelekea ukutani, akajifunika kanga. Hakusema neno, si jioni ile, si kesho yake.

Nikarudi juu ya dungu, na shule ndiyo ikaishia hapo. Rajabu alimaliza, akaendelea, leo ni bwana mkubwa mwenye gari, ananipigia simu siku za Idi. Bibi hakuukanyaga tena mlango wa shamba. Alifariki msimu wa korosho, nami nilimlilia kwa kinyongo. Tangu hapo mtu akiniuliza nani alininyima shule, nilikuwa namtaja Salehe wa kwanza na Bibi wa pili. Salehe kwa alichosema, Bibi kwa alichonyamaza.

Jumamosi iliyopita ndiyo nilimsimulia Neema habari hizi, mimi nasukuma chapati, yeye anakamua mashuka. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Mama Zubeda, hao watu wako wote wapo mpaka leo. Wa kupayuka wapo, wa mbio wapo, wa kunguruma ndio usiseme. Wazee wenyewe bado wanajaza viwanja, na vijana wapya wanazaliwa kila siku."

"Na wewe unampenda yupi?"

"Mimi nawapenda wa sasa, wanachanganya. Sikiliza huyu."

Akaniwekea. Msichana, msichana kweli safari hii, alianza kuimba juu kule kwa Binti, laini kabisa, halafu bila kutoa taarifa akashuka tumboni na kunguruma. Nikasema Bibi angekuwepo angesema jino limempata Binti. Neema akacheka tena. Kisha akasimama, shuka mkononi linachuruzika maji.

"Lakini mama, mbona sielewi. Kaseti si ilikuwa inaisha? Baba alikuwa nazo kule nyumbani. Upande mmoja haufiki hata saa, kitufe kinaruka chenyewe, tak, unanyanyuka unakwenda kugeuza. Sasa wewe upo shule mpaka mchana. Nani alikuwa anageuza?"

Chapati iliyokuwa kwenye chuma iliungua, nikaiangalia inavyoungua.

Zile kuni chache. Yule ngedere wa kwenye kisiki. Mchi. Na kile kitufe kilichoruka juu siku ambayo mguu ulikataa. Miaka yote hii, nina wajukuu, na imebidi binti wa Iringa mwenye fuvu kifuani aniulize kitu ambacho mtoto wa darasa la nne alipaswa kukiuliza.

Bibi alikaa chini ya lile dungu kila asubuhi niliyokuwa shule, mguu mbovu umenyooshwa, mawe mapajani, anageuza kaseti. Ngedere aliwafukuza yeye. Angeweza kuwafukuza kimya kimya, lakini Salehe asingekubali mama yake mzazi aonekane analinda shamba badala ya mtoto, watu wangemsema. Yale magitaa yalikuwa ya Salehe, ayasikie kutoka dukani aridhike. Na jioni ile ya magunzi Bibi angejibu nini? Kwamba alikuwa anamdanganya mwanawe misimu yote, na kwamba mlinzi mwenyewe ndiye huyu amelala mbele yake? Aligeuka ukutani kwa sababu aliyeshindwa kwenda kazini alikuwa yeye.

Lakini msianze kumlilia. Mtu anayeteseka kwa muziki hatwangi vile. Nina hakika kufikia msimu wa Mwenye Jino yule ajuza alikuwa anatoka nyumbani mapema kuliko ilivyohitajika.

Basi Bibi nimemtoa kwenye majina ninayoyataja. Salehe bado yumo, tena sasa amebaki peke yake, ana nafasi ya kutosha kunyoosha miguu.

Neema aliniona macho, akauliza, "Nipunguze sauti, mama?" Nikamwambia ni moshi wa chapati, aongeze, na anitafutie wa mbio. Akamtafuta. Nikachukua donge lingine la unga, mti wa kusukumia ukaanza kwenda, ukasita ghafla, ukaanza upya, mpaka mama wa nyumba ya pili akafungua dirisha lake alilokuwa amelifunga.

"Mama Zubeda, unasukuma chapati au unapigana?"

Sikumjibu. Nilikuwa sijamaliza.