Kitambaa cha Tumboni mwa Kabula

Juzi muuguzi wa zahanati alinipangusa mkono kwa spiriti kabla ya kunichoma sindano, na harufu ile ikanirudisha jikoni kwa mama, kule Sapiwi, kwenye kikapu alimolala sungura wangu. Nilikuwa msichana mdogo, mtoto wa pekee. Sungura nilimwita Kabula.

Kabula alishindwa kuzaa. Watoto walifia tumboni, naye akawa anahema tu pembeni mwa banda, hataki hata majani ya viazi. Baba alinihurumia, akamwita daktari wa mifugo, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, aliyezoea kutibu ng'ombe. Alimpasua juu ya meza yetu ya kulia, akatoa watoto pamoja na kizazi, akashona.

"Atapona," alisema huku akinawa, "ila hatazaa tena."

Mama, aliyekuwa amemshika Kabula miguu, aligeuka akatazama nje.

Nilidhani mimi ndiye nitakayemuuguza, kumbe nilikuwa wa kutumwa majani tu. Mama alichemsha pamba ya shambani kwenye maji ya chumvi, akaidondoshea spiriti aliyotuachia daktari, akawa anapangusa mshono. Alichana kanga yake nzuri akamfunga tumboni, asije akang'ata uzi. Kwetu sungura ni mboga, majirani walimshangaa. Yeye alimlisha jani moja moja, akimnong'oneza Kisukuma na kumwombea kama anavyoombewa mtu. Siku Kabula alipodondosha vile vinyesi vyake vidogo, dalili kwamba tumbo limefunguka, mama alipiga kigelegele hadi jirani akaja mbio kuuliza kama tumepata mgeni.

"Kabula ameenda haja!" nikamjibu, na sote tukacheka.

Mshono ulikuwa umekauka alipokuja shangazi, dada mkubwa wa baba, akiwa na wazee wa ukoo. Alichungulia kikapuni.

"Huyu ndiye aliyetolewa kizazi?"

"Ndiye, shangazi."

"Na bado mnamlisha?" Akamgeukia mama. "Wifi, ng'ombe asiyezaa tunampeleka mnadani. Huyu mwenzio mnamngojea nini?"

Nilidhani ni utani wa mawifi. Wazee walicheka. Baba alitazama vidole vya miguu yake, kisha akamwambia mama polepole, "Wageni hawajapata mboga."

Nilimng'ang'ania baba suruali, nikalia mpaka sauti ikakauka. Mama hakulia. Alimfungua Kabula kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakitia kifuani mwake. Alimpika kwa karanga, akasonga ugali, akapiga magoti kuwanawisha wageni mikono. Shangazi akamtaka aombee chakula, maana sote tulikuwa watu wa kanisa.

"Tunakushukuru, Bwana, kwa..." mama alianza, akanyamaza. Alinyamaza hadi mzee mmoja akasema amina kwa niaba yake, na mikono ikaingia sahanini.

Pamba ilipouzwa mwaka ule, baba alileta mke mwingine. Hakuna aliyenieleza kitu. Mama alimpokea, akamwonyesha kisima kilipo.

Nilielewa nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, mama akaja kunitunza. Alipoinama kumwogesha mjukuu, kanga yake ikalegea, nikaona kovu refu chini ya kitovu. Alijua nimeliona.

"Wewe ulitoka mzima," alisema, mikono bado majini. "Kizazi hakikupona. Wakakitoa, kama cha Kabula."

Akaendelea kuogesha.

Mungu amenipa miaka mingi na wajukuu wanaojaza nyumba, nami namshukuru kila asubuhi. Lakini mezani, nikifika pale alipokwama mama, nami nakwama. Wajukuu wanadhani bibi amezama katika sala. Huwa nangoja mmoja wao aseme amina.