Watoto wa Dermot Tuohy

Tarehe kumi na moja Mei, mwaka 2010, Kamati ya Kitabu cha Ukoo wa Tuohy, yenye makao yake katika kaunti ya Clare huko Ayalandi, ilitamka rasmi, kwa barua yenye nembo na sahihi tatu, kwamba marehemu Dermot Tuohy, aliyelima kahawa Nyeri tangu 1912 hadi 1931, aliishi huko kapera na hakuacha mtoto. Kamati ilikiri kupokea orodha ya watoto watano iliyotumwa kutoka Stockholm. Ilisikitika tu kwamba majina matupu si ushahidi. Kitabu kingekwenda kwa mpiga chapa mwishoni mwa Juni.

Aliyetuma orodha hiyo ni Wamuyu wa Spånga, kiungani mwa Stockholm, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiswidi majumbani mwao. Babake, Mzee Komaki, ndiye aliyekuwa amebaki kati ya hao watano, na kwa miaka themanini na minne alikuwa mtoto wa Mzungu asiyejulikana kwao. Wenye adabu hawakulisema hilo mbele yake. Kijijini kwao wenye adabu hawakuwa wengi. Wamuyu alitaka jambo moja: babake aingie kitabuni akiwa angali na macho ya kukisoma.

Maradhi ya kusaka mababu aliambukizwa kazini. Hakuna mzee aliyemwogesha asiyekuwa na babu wa kumsimulia, aliyeanguka kutoka darini mwa ghala mwaka 1743, na habari hiyo ilisimuliwa kwa furaha kubwa. Mmoja wao akamwelekeza kwenye kundi la wasaka-nasaba lililokutana maktaba kila Alhamisi mchana. Wamuyu akaenda, akamburuta na rafiki yake Libérate, Mrundi wa mtaa jirani wa Tensta, ambaye hakuwa na haja na mababu ila alipenda maandazi ya iliki yaliyogawiwa pamoja na kahawa.

Sasa, Wakikuyu hawabahatishi majina. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la kaka mkubwa wa baba. Binti wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba. Nyanya yake Wamuyu, aliyeitwa Wamuyu pia kwa sababu hizo hizo, hakuona kwa nini utaratibu uvunjwe ati mume ni Mzungu. Kila alipojifungua alimwuliza: babako ni nani? Mamako je? Kaka yako mkubwa? Ndivyo mabonde ya Nyeri yalivyopata kina Malaki, Onora na Komaki. Mchungaji alimbatiza Malaki kwa shangwe, akijua ni nabii. Jina la Komaki alilitafuta katika Agano la Kale miaka miwili, kisha akambatiza mtoto hivyo hivyo.

Mwanzoni mwa Juni Waayalandi wakaifungua mtandaoni sensa yao ya mwaka 1901, nyumba kwa nyumba, bure. Alhamisi hiyo Wamuyu alifika maktaba kabla ya mlango kufunguliwa. Ukurasa wa kina Tuohy ulipotokea, aliipa kompyuta mgongo.

Akamwambia Libérate asome yeye, kimoyomoyo. Yeye angetaja kwanza, asije akajidanganya.

"Baba mwenye nyumba," alisema, akikazia macho rafu ya vitabu vya bustani. "Malaki."

"Malachy. Endelea, dada."

"Mkewe Onora."

"Honora, hamsini na mbili. Weye dada, unaanza kunitisha."

Wazee wa Kiswidi wakaweka vikombe chini. Wamuyu akamtaja Dermot, naye alikuwamo, miaka kumi na mitano, ajua kusoma na kuandika.

"Na kaka yake mkubwa, Komaki."

Libérate akasogea karibu na skrini. Akapanda na kushuka na ukurasa. "Hayumo. Kuna Thomas na Bridget."

Wamuyu akageuka. Mwalimu wa kundi alikuwa amemwonya kwamba huko Ayalandi kina Malachy na Honora hawakosekani popote, na kamati ingemcheka. Komaki, jina la nadra, ndiye angewanyamazisha. Aliketi akatazama skrini kama mtu aliyefika stesheni akakuta treni ndiyo inaondoka.

"Huyo Komaki alikuwa ameoa?" aliuliza Libérate.

"Nitajuaje?"

"Kama alioa, atafuata nini kwenye karatasi ya babake? Mie Colombe wangu alipoolewa Sundbyberg, barua za serikali zilimfuata huko, na kwangu wakamfuta kama sikumzaa. Fungua kwa jirani."

Wakafungua nyumba iliyofuata. Cormac Tuohy, mwenye nyumba, miaka ishirini na minane, mkulima, na mke, na mtoto wa miezi minne.

Libérate alilisoma jina mara ya kwanza kwa sauti ya maktaba, na mara ya pili kwa sauti ya sokoni. Waswidi wa kundi hilo, waliokuwa wamekutana miaka kumi na miwili bila mmoja kumgusa mwenzake, walisimama wakapeana mikono. Mmoja aliomba kumkumbatia Wamuyu, na alipokubaliwa hakujua aanzie wapi.

Wamuyu alipiga simu Nyeri akiwa kando ya barabara, pumzi juu juu.

"Baba, nimempata mwenye jina lako."

Mzee Komaki aliuliza kama huyo mtu alikuwa na ng'ombe. Kwa bahati sensa ilihesabu hata hayo: zizi moja na banda moja la nguruwe.

"Zizi moja," alisema mzee. "Basi hatukunyimwa mengi, mama." Alimwita hivyo tangu azaliwe, kwa kuwa alibeba jina la mamake. Akamtaka alirudie jina, polepole, kisha alirudie tena kwa sauti, maana alikuwa amekwisha toka nje na majirani walikuwa wanakuja.

Wamuyu aliipelekea kamati kurasa zote mbili za sensa, nayo ikajibu baada ya wiki nne, sahihi zile zile tatu, ikiomba picha na tarehe za kuzaliwa. Ukurasa wa 88, wenye tamko la kamati kwamba Dermot hakuacha mtoto, ulikuwa umekwisha chapwa, ukabaki kama ulivyo. Mzee Komaki yuko ukurasa wa 89. Wajukuu wanaishia ukurasa wa 93.