Wanaojifunza Kusoma Huku Mashine Ikinguruma

Saa tisa mchana, mtaani Katuba, Lubumbashi, Mama Wivine Katongo anamimina mahindi kwenye mashine ya kusaga na kuiwasha. Mlango wa bati unatetemeka. Unga unamrukia kwenye nyusi, naye hajali. Kwa kelele hiyo, mtu akitaka kukusalimu lazima akushike bega.

Nyuma ya ukuta, kwenye stoo ya magunia, watu wazima kumi na watatu wanasoma kwa sauti: ma, me, mi, mo, mu. Walio kwenye foleni nje hawasikii hata silabi moja. Ndivyo wanafunzi wenyewe walivyotaka, kwa kuona aibu kujulikana.

"Hapa kila muntu anakuya na mahindi yake," anasema Mama Wivine, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. "Mama iko na beseni ku kichwa, nani atamuuliza unaenda wapi? Kaye iko chini ya mahindi."

Kaye ni daftari. Nimeliona moja likipanguswa unga kabla ya kufunguliwa, na mwenyewe akaangalia mlango mara mbili kwanza.

Mama Wivine alizaliwa Kambove na kuishia darasa la sita. Ameendesha mashine hii kwa miaka kumi na saba. Si yake, mwenye mali humlipa dola tisini kwa mwezi, na stoo amempa bure.

Darasa lenyewe lilizaliwa na ugomvi. Wateja huacha mabeseni yao na kwenda sokoni. Wanaojua kuandika huweka jina kwa chaki, wasiojua hufunga kitambaa. Miaka minne iliyopita kitambaa kimoja kilianguka, na wanawake wawili wakagombania beseni moja mpaka unga wote ukamwagika chini.

"Nilibaambia, kesho mukuye, nitabafundisha kuandika jina tu," anakumbuka. "Bakakuya. Kisha bakataka na majina ya batoto. Njo vile tulianza."

Hakuna ada. Kila anayesaga, akipenda, huacha kopo moja la unga kwenye ndoo karibu na mlango. Unga huo huuzwa mwisho wa juma, na fedha zake hununulia chaki, kalamu na madaftari. Wapo wanaoacha nusu kopo, na bibi mmoja huacha kiganja tu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hesabu hufundishwa na Mounira, fundi cherehani, anayefunga duka lake kwa saa mbili kila Alhamisi. Kusoma ni kazi ya Mama Wivine na Lucien, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa. Wote wanajitolea.

Na ni huyu Lucien, kijana mwenye adabu zake, aliyekaribia kuliua darasa.

Mwezi wa tatu mwaka huu alitaka mabenchi. Akaomba nafasi ya kuzungumza kanisani, akawashukuru waliotoa unga, kisha, ili waone unga wao umefanya nini, akasoma majina ya wanafunzi wote kumi na tisa. Waumini wakapiga makofi. Michango ya mabenchi ikapatikana siku hiyohiyo.

Jumatatu walikuja wanafunzi wanne.

"Franchement, kweli, nilizani ninabapatia heshima," anasema Lucien, macho chini. Majuto ni mjukuu. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, wiki tatu, kwa miguu. Siku hizi wachangiaji huambiwa idadi tu, na majina hayatoki nje ya stoo.

Mmoja mmoja wakarejea, mpaka wakafika kumi na watatu. Lakini anayemnyima Mama Wivine usingizi ni Léa, muuza vitunguu wa miaka arobaini na mitatu.

Léa alikuwa mwimbaji wa kwaya. Kwa miaka sita alisimama mstari wa mbele, kitabu cha nyimbo wazi mkononi, akifunua kurasa pamoja na wenzake. Kumbe nyimbo zote alizishika kwa kusikia. Jina lake liliposomwa, mstari mzima uligeuka kumwangalia. Tangu siku hiyo hajarudi darasani, wala kwenye kwaya.

"Ile ilinichoma roho," anasema Mama Wivine. "Léa njo alikuwa anaenda mbio kupita bote. Ilibakia kidogo sana ajue kusoma."

Alimtembelea mara mbili. Léa alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akazungumza bei ya vitunguu mpaka mgeni akaaga. Mara ya tatu Mama Wivine hakwenda. Alikata karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akitumia zile tu ambazo Léa alikwisha kujifunza: "Léa, kuya kusoma." Akampa mteja anayeishi jirani na Léa ampelekee.

"Nilitaka aisome ye mwenyewe, bila kulomba muntu," ananieleza. "Akirudi, tutaanza na kitabu ya nyimbo. Maneno yote anayajua, inabakia tu kuyaona."

Je, asiporudi? Mama Wivine anazima mashine, anafagia unga uliotapakaa, anaiwasha tena.

Siku ya pili ya mazungumzo yetu, yule mteja anafika na beseni lake. Anamshika Mama Wivine bega na kumwekea mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama Wivine anaifungua taratibu. Kuna neno moja, limeandikwa kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karibu kutoboa karatasi: BADO.

Anacheka kwa sauti. Kisha machozi yanamtoka, wala hayafichi.

"Bado haiko apana," anasema, akinisogelea sikioni ili nimsikie. "Na ameiandika ye mwenyewe. Nitamungoya."