Kawa Lisilofika Tano

Mwanangu wa mwisho alichumbia kijijini Wambaa, na mama wa binti ana ulimi wa kunyolea nywele. Mkeka niliompelekea mwanzo aliutazama, akauliza kama niliusuka garini. Basi kawa la kufunikia sinia la pilau nikaapa litamfunga mdomo.

Nilipolimaliza nikaliweka sebuleni kwetu mjini Chake, juu ya zulia la plastiki lenye miraba. Mjukuu wangu wa kidato cha nne akalizunguka kama ananunua ng'ombe.

"Bibi, hili si duara."

"Macho yako hayo."

"Tulipime. Kwanza nione kitovu."

"Kitovu chako nilikizika mie mwenyewe nyuma ya jiko. Hukioni tena."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Kitovu cha duara, Bibi! Pale katikati ulipoanzia kushona."

Akahesabu miraba kutoka hapo: mitatu kulia, minne juu, akafika ukingoni. Tatu mara tatu tisa, nne mara nne kumi na sita, jumla ishirini na tano, kipeuo chake cha pili tano.

"Ukingo wote ukiwa tano kutoka kitovuni, ndipo duara."

"Si nilikwambia?"

Akahamia upande wa pili: minne kushoto, miwili chini. Kumi na sita na nne, ishirini. "Kipeuo chake hakifiki tano. Nukta hii imeingia ndani."

"Ikiwa ndani kuna ubaya gani? Nje kuna mvua?"

"Ubaya, sinia litachungulia. Na mama mkwe wa ami naye atachungulia."

Hapo kanipata. Nilimtukana, nikamtukana na aliyemfundisha, kisha nikafumua. Kila nikizungusha ukili, ule utepe wa ukindu uliosukwa, yeye anapima. "Bado, Bibi." Nashona. "Bado." Mie nimeshona makawa babake hajazaliwa, leo naambiwa bado na mtoto ambaye hata chapati zake zina pembe!

Aliporidhika, nikalipeleka Wambaa, sinia limejaa, kawa limekaa juu yake kama limeotea pale. Mama wa binti akalizungusha. Akainama, akalizungusha tena, anatafuta pa kusemea. Hakupapata. Akalifunua, akaonja pilau.

"Chumvi haba," akasema.

Nikamjibu kwa furaha ambayo sijaiona tangu nizaliwe: "Pilau kapika dada yangu."